Kiti cha Mlinzi wa Kanisa

Juzi, dukani Hounslow, mtaa wa London, nilimwona msichana akijitenga na mama yake aliyevaa buibui, nikakumbuka siku niliyomkana mama yangu.

Tulikuwa tumetoka London kwenda kutembea Italia, katika mji mdogo wa mkoa wa Toskana, ulio juu ya kilima. Jua lilikuwa kali, na vichochoro vilinukia mkate. Baba alikwenda kutafuta maji. Mimi na mama tukaingia katika kanisa la kale la mawe, lenye matao ya mviringo na madirisha membamba. Ndani mlikuwa na ubaridi na harufu ya mishumaa. Mama akavua viatu mlangoni.

"Ni nyumba ya ibada, mwanangu," alisema.

Watalii walitutazama. Mlinzi mzee akaja upesi, akisema Kiitaliano kwa sauti kubwa na kuionyesha miguu ya mama. Nilidhani anamfukuza. Bibi mmoja wa Kiingereza akaniuliza kama yule ni mama yangu. Nikamnong'oneza kuwa siye, nikajificha nyuma ya nguzo.

Nilipochungulia, mama alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha mlinzi, na mzee yule anamtandikia zulia miguuni. Alikuwa akimwonea huruma kwa baridi ya mawe.

Baba aliporudi, aliuliza nilikuwa wapi.

"Alikuwa akitazama nguzo," mama alijibu. "Amezipenda."

Kwa miaka mingi nilijipa moyo kwamba hakunisikia. Lakini chini ya matao yale hata mnong'ono hufika mlangoni, na mama hakuniuliza kitu mpaka alipofariki.