Namba Iliyojirudia Kibati

Kadi yetu ya kambi ya Kibati iliandikwa 291291. Wengine wakipewa namba zao walizificha kifuani. Baba yangu, mwalimu wa shule ya msingi aliyekimbia vita bila hata chaki, aliitazama yetu akaanza kucheka. Akaokota kipande cha makaa, akaiandika juu ya jiwe la volkano na kuniambia nigawanye kwa saba. Ikagawanyika. Jibu nikaligawanya kwa kumi na moja, kisha kwa kumi na tatu, nikajikuta na 291, bila baki yoyote. Nilikasirika, nikidhani amenichezea. Akanieleza kwamba ukiirudia namba ya tarakimu tatu, umeizidisha kwa elfu moja na moja, na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Tukajaribu namba za majirani. Hakuna hata moja iliyokubali zote tatu, nami nikaringa wiki nzima.

Siku ya kugawa shitingi, yale maplastiki ya kuezekea, baba alikuwa kwenye foleni ya maji na mama alikuwa akimuuguza mdogo wangu, aliyelala akilowa siku mbili mfululizo. Kadi nikapewa mimi, msichana wa miaka kumi na mmoja, mkubwa wa watoto wanne wa nyumba yetu. Ukiitwa mara tatu usiitike, ulilazimika kungoja mgao mwingine, na mawingu ya mvua yalikuwa yameshaufunika mlima Nyiragongo.

Mtu wa kuita namba alikuwa mgeni, na Kifaransa chake hakikuwa cha kwetu. Sisi tisini tunaiita nonante tangu darasa la kwanza. Yeye tisini na moja aliiita quatre-vingt-onze, nami nikasikia nne, ishirini, kumi na moja: namba za watu watatu. Akarudia. Hakuna aliyeinuka, nikawa nawacheka moyoni wazembe hao.

Ndipo sikio likashtuka. Kabla ya mille, yaani elfu, kulikuwa na msururu mrefu wa maneno, na baada ya mille ukaja msururu uleule. Namba ya kujirudia namna hiyo niliijua moja tu kambini. Nikakimbia na kadi juu kabla hajafungua kinywa mara ya tatu.

Akaniuliza kwa Kiswahili chetu alichojifunzia kambini, "Juu ya nini haukuitika?"

"Papa," nikamjibu kwa heshima, "uliita batu batatu. Siye tuko nonante et un."

Foleni nzima ikacheka. Naye akacheka, akajaribu kusema nonante mpaka ikamkaa mdomoni, kisha akanibebesha shitingi iliyonizidi uzito. Sijawahi kufurahia mzigo kama ule.

Mvua ilianguka jioni ileile. Tukiwa tumebanana chini ya plastiki, wakavu, baba akaniambia nigawanye tena, kwa sauti. Saba, kumi na moja, kumi na tatu. Nikamjibu: 291, palepale tulipoanzia. Akatuhesabu vichwa kwa kidole, polepole, akianza na mdogo wangu mgonjwa.

"Na siye tuko sita," akasema, "sawa vile tulitoka ku nyumba."

Kisha akalala, akakoroma kabla yetu sote.