Santuri ya Rangi ya Sukari Nguru

Safari hii niliifunga kwa sababu ya kifurushi kisichokuwa changu. Kilifika Nakuru, kwenye sanduku la posta la shule ninakofundisha, mwanzoni mwa miaka ya tisini, kikiwa kipana kama sinia na chepesi ajabu. Aliyekituma ni Owino, rafiki yangu wa bweni, aliyekwenda Marekani kusomea uhandisi na badala yake akawa mwimbaji wa bendi. Walipiga panki, ule muziki wa vijana wenye magitaa makali na ngoma za mbio, ila barua yake ilieleza kwamba chini ya makelele wao huweka wimbo mtamu. Ndani ya kifurushi mlikuwa na santuri kubwa. Nimeona santuri nyingi maishani, na zote zilikuwa nyeusi. Hii ilikuwa ya kahawia inayopitisha mwanga, kiasi kwamba niliviona vidole vyangu upande wa pili.

"Za rangi hii tumetoa mia tatu tu," aliandika Owino. "Rangi nimeichagua mimi. Hiyo ni namba moja. Mpelekee mama, na usiondoke kabla hajaisikiliza."

Ombi hilo lilikuwa zito kuliko linavyosikika. Miaka miwili nyuma baba yake Owino, dereva wa trekta la miwa huko Muhoroni, alitoka nyumbani asubuhi akiwa mzima, akaanguka kazini, basi. Owino hakuja kumzika. Alikuwa na sababu zake, nauli na karatasi za uhamiaji, lakini mtoto wa kiume kukosa kaburini kwa baba yake si jambo la kusamehewa kwa sababu ya karatasi. Tangu siku hiyo mama yake hakujibu barua hata moja. Nilijua kwamba santuri hii ikikataliwa, Owino hataandika tena.

Ijumaa nilipanda treni ya usiku, santuri nikiwa nimeizungushia khanga mbili za mke wangu na kuilaza mapajani. Abiria mwenzangu aliniuliza kama nimebeba mtoto. Nikamwambia ndiyo, na ni mtoto wa watu.

Alfajiri niliamka Muhoroni. Miwa ilifika hadi kando ya reli, na harufu ya kiwanda iliingia dirishani, tamu na ya kuungua kidogo. Wanawake walipita chini ya madirisha wakiuza sukari nguru katika vipande. Nilinunua kimoja, nikakiinua kwenye mwanga wa jua lililokuwa linachomoza, na papo hapo nikaelewa. Nilifungua khanga nikaweka kipande kando ya santuri. Ilikuwa rangi ile ile. Kule mbali, mbele ya mtambo wa kutengeneza santuri, rafiki yangu alikuwa ameulizwa anataka rangi gani, akawaza mfuko wa sukari nguru aliokuja nao baba yake kila akirudi kutoka kazini. Nilikaa na vitu hivyo viwili mkononi hadi Kibigori, na sioni haya kusema machozi yalinilenga.

Saa tatu asubuhi nilikuwa Kisumu. Joto la mji ule linamsubiri mgeni pale pale stesheni, na mimi nilikuwa nimeambiwa kwamba santuri ikipigwa na jua inajikunja kama chapati. Nilikodi baiskeli, nikakaa nyuma ya mwendeshaji nikiwa nimekumbatia khanga zangu, tukashika njia ya Dunga, kijiji cha ziwani alikorudi kuishi mama Owino baada ya kufiwa. Kila tulipopata kivuli nilimwomba apunguze. Mwisho akaniambia, "Mwalimu, wewe shuka utembee na kivuli yako, mimi nitakungoja huko mbele."

Dunga nilimkuta mama Owino ufuoni, akianika omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu. Ni mwanamke mrefu, mwenye maneno machache, na alinitambua kabla sijajitambulisha, kwani likizo moja nilikula kwake wiki nzima. Aliuliza habari za watoto wangu mmoja mmoja. Kisha akaona alama za posta kwenye karatasi ya kifurushi iliyochungulia chini ya khanga, akakunja uso.

"Hiyo imetoka kwa Owino."

"Ndiyo, mama. Ni sahani ya muziki. Yeye ndiye anaimba."

"Sahani." Alirudi kugeuza omena. "Baba yake alilala hapa siku tatu tukingoja yeye. Watu wakaniuliza, kijana iko wapi? Sasa ameleta sahani. Mimi niko na sahani mingi kwa nyumba."

Nilifungua khanga, nikaitoa santuri na kuiinua. Jua lilipita ndani yake, na duara la kahawia likaanguka juu ya omena, wale samaki wadogo weupe wakawa kama wamemwagiwa asali. Wanawake wa jirani waliacha kazi. Mmoja alitia mkono ndani ya ule mwanga, akautazama mkono wake kama anauona kwa mara ya kwanza. Mimi mwenyewe niliyekibeba kitu hicho tangu Nakuru nilisahau kufumba mdomo.

Mama Owino aliacha omena, akasogea. Nikatoa mfukoni kipande cha sukari nguru, nikamwekea kiganjani. "Rangi aliichagua yeye," nikasema.

Alikifunga kiganja. "Hiyo kitu inaimba wapi?" akauliza.

Adhuhuri tulikuwa kwenye soko la Kibuye, yeye akiwa amejifunga kitambaa chake cha kanisani. Pembeni mwa soko, baada ya mafungu ya nguo za mitumba, palikuwa na kibanda cha Bwana Hamisi, mzee mwenye kofia ya kufuma, aliyeuza santuri za benga, muziki wa magitaa wa kandokando ya ziwa, tangu ujana wake. Kwake hakuna anayenunua kabla ya kusikiliza, kwa hiyo kinanda chake cha santuri, kinachotumia betri ya gari, huzunguka kutwa nzima. Aliipokea santuri kwa mikono miwili.

"Subhanallah," akasema taratibu. "Miaka yote hii sijaona ingine kama hii. Mama, hii ni ya kijana yako?" Akaipuliza vumbi ambalo halikuwapo, akasogeza kitufe cha mwendo, akashusha sindano.

Nilikuwa nimejiandaa kwa fujo. Badala yake ulitoka muziki mzito, wa kwenda polepole, ngoma zikidunda kama watu wanaoshusha magunia, magitaa yakivuma chini kabisa. Halafu ikaja sauti ya mtu mzima, nene, inayokokota maneno. Nilishangaa, maana Owino niliyemjua alikuwa na sauti nyembamba ya ubishi. Kiingereza chenyewe sikukishika. Lakini mwishoni ala zilinyamaza, na sauti ile ikabaki peke yake ikisema neno moja la Kijaluo nililofundishwa na Owino tulipokuwa tukiagana kila mwisho wa muhula: *oriti*. Kwaheri. Ilisema mara tatu.

Mama Owino alikuwa ameketi chini.

"Huyo si Owino," akasema. "Huyo ni baba yake."

Tulidhani amechanganyikiwa. Lakini alizungumza kwa utulivu, machozi yakimtiririka bila yeye kuyajali. "Hiyo ni sauti yake ya kanisa. Mimi nimelala na hiyo sauti miaka thelathini, nitakosa kujua? Ile asubuhi alitoka na haraka, trekta ilikuwa inangoja. Hakuniambia oriti." Akajifuta kwa ncha ya kitambaa. "Bwana Hamisi, weka tena."

Niliinua santuri ili niipanguse vumbi kwa heshima, na hapo ndipo nilipoona, karibu na ile namba moja iliyoandikwa kwa kalamu, tarakimu nyingine iliyochapwa: arobaini na tano. Nilimwonyesha Hamisi kwa kidole. Akavaa miwani, akavua.

"Haiwezekani," akaninong'oneza. "Ndogo ndiyo inazunguka mara arobaini na tano kwa dakika. Kubwa ni thelathini na tatu. Kila mtu wa santuri anajua hiyo."

Kumbe tulikuwa tumemwendesha Owino kwa mwendo wa kobe, na sauti yake ikashuka hadi ikafika kwa baba yake. Hamisi alinishika mkono. "Nyamaza, mwalimu. Mwachie hiyo."

Nilitaka kunyamaza, Mungu ananijua. Lakini Owino alikuwa ameniomba mama yake amsikilize yeye, na bado hakuwa amesikilizwa.

"Mnasema nini?" akauliza mama.

Nikamweleza yote: kwamba mashine ina mwendo wa aina mbili, kwamba tumekosea, kwamba mwanawe anaimba haraka kuliko vile. Alinitazama, akaitazama santuri.

"Basi weka yake," akasema.

Hamisi akasogeza kitufe. Kibanda kikalipuka. Ngoma zilikimbia, magitaa yakapiga kelele kama mabati yanayong'olewa na upepo, na katikati yake alikuwa Owino kabisa, yule wa bwenini, sauti juu, anabishana na dunia nzima. Na kweli chini ya makelele kulikuwa na wimbo mtamu. Wauza mitumba walikuja kuchungulia. Mwishoni ala zilinyamaza, na kijana mmoja aliye mbali sana akasema oriti mara tatu, mara ya mwisho sauti ikimkatika.

Mama Owino aliweka mikono magotini. "Huyo sasa ni Owino," akasema. "Hata uji alikuwa anakunywa na haraka namna hiyo." Akacheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza siku hiyo kuona meno yake. "Sasa rudisha ya baba."

Tulisikiliza hivyo hadi alasiri, baba na mwana kwa zamu. Hamisi hakuuza kitu, wala hakulalamika. Santuri ilibaki kwake, kwa kuwa nyumbani kwa mama hakukuwa na kinanda cha kuipigia.

Jumapili nilirudi. Mama alinisindikiza hadi stesheni, akanipa mfuko wa omena na maneno ya kuandika, nami niliyanakili alivyoyasema: "Mwambie baba yake amesema oriti. Mwambie yeye pia amesema, na nimesikia. Mazishi imeisha. Aje nyumbani."

Treni ilipopita Muhoroni nilikuwa nimeshamaliza barua. Nilikuwa nimeondoka nikidhani ninapeleka kitu cha ajabu kwa mwanamke asiyeweza kukielewa, na ninarudi nikijua kwamba mimi na Hamisi ndio tuliohitaji kuelezwa maana yake. Chini ya maneno ya mama niliongeza langu moja. Nilimwambia Owino akija Kisumu apitie Kibuye kwanza, na akisikia santuri yake inapigwa polepole asiguse kitufe. Mama yake anajua anamsikiliza nani.