Jina Ambalo Sikuliandika

Mpaka leo nikisikia cherehani ya mkono ikikimbia, sikai nikatulia. Narudi kwetu Hail, Maskati, chumbani kwa bibi yangu Salma, nina miaka kumi, na abla, mwalimu wetu wa tarikhi, ametutaka kila mmoja achague mwaka mmoja, aandike watu wake mashuhuri na mambo makubwa yaliyotokea. Nilichagua sitini na nne kwa sababu ndogo tu: ndio mwaka aliozaliwa mama, huko Unguja.

Nilipomwuliza bibi, cherehani ilisimama. Akainuka, akafunga dirisha, akalifungua tena, akakunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Siku tatu alikuwa hana kituo. Akibandika chungu, anakisahau; akitoka kwenda kwa jirani, anarudi hajafika. Nami nyuma yake na daftari, kama nzi wa tende.

Siku ya nne akakaa ukingoni mwa kitanda. "Andika," akasema. "Bi Mize."

Akanihadithia kwa vipandevipande. Mapinduzi yameanza, bunduki zinalia, babu hayupo, naye bibi uchungu umemshika. Bi Mize, jirani yake muuza vitumbua, akamvusha uani hadi kwake, akamzalisha. Watu wenye silaha wakabisha, wakauliza wako wapi Waarabu wa nyumba ya pili. Bi Mize akasimama mlangoni, mikono ina damu. "Humu mna mdogo wangu anajifungua. Mnataka kumwona?" Wakaenda zao. Akamficha siku tisa, hadi bibi akapata njia ya kuvuka bahari.

"Ushaandika?" bibi akaniuliza.

"Naam, bibi."

Nakwambieni kweli, sikuandika. Abla alitaka watu mashuhuri, na muuza vitumbua hakuwamo kitabuni. Nilifungua kitabu kikubwa cha baba, nikanakili michezo ya Olimpiki ya Tokyo na yule kiongozi wa Afrika Kusini aliyehukumiwa kifungo cha maisha. Nikapata alama zote. Nikamsomea bibi kwa majivuno, nikimfasiria kutoka Kiarabu neno kwa neno. Alisikiliza hadi mwisho, akangoja, kana kwamba kuna ukurasa mwengine.

"Basi?"

"Basi, bibi."

Akanipapasa kichwa, akatoka. Hakuutaja tena mwaka ule mpaka anafariki.

Mwaka juzi nilikwenda Unguja, nikaulizauliza hadi nikaipata nyumba. Bi Mize alikuwa keshatangulia mbele ya haki. Binti yake, mtu mzima sasa, alinikaribisha, na niliposema tu natoka Maskati akanitazama sana. "Wewe wa Salma," akasema. Akaniambia mama yake kila Idi alikuwa akiuliza kama Salma alifika salama, na kama kile kitoto kiliishi. Hakuna aliyemjibu.

Hapo ndipo nilipofahamu. Bibi, ambaye hakujua kuandika, hakuwa akinisaidia kazi ya skuli. Alikuwa akiniomba mimi nimsaidie.

Nikamweleza yule binti wa Bi Mize habari ya daftari.

"Ulikuwa mtoto, mwanangu," akanituliza. "Hukujua."

"Niliambiwa," nikamjibu.