Nusu Aliyoisikia Sponji

Mtaa mzima ulimwita Sponji. Alikuwa fundi makochi, na mbele ya kibanda chake, nyuma ya duka la mbao, hapakukosa kochi lililochunwa ngozi, springi nje, yeye amepiga magoti na pini mdomoni. "Kochi halifi," aliwaambia wateja, "linavuliwa nguo tu." Mkewe alikuwa msusi, akisukia watu barazani nyumbani. Mtoto wao wa kwanza walimpata baada ya kungoja mpaka ndugu wakaanza kunong'ona. Alizaliwa mnene, wakamwita Kibonge. Alikuwa na miezi mitano, ananyonya kama anashindana na mtu.

Mwaka huo Sponji aliitwa mji wa mbali kuvika upya viti vya hoteli moja. Huko akazoeana na mwanamke aliyefua mashuka, mcheshi kama yeye. Mchana wa siku ya mwisho, ndani ya stoo ya magodoro, yakatokea ya kutokea. Kondomu haikuwepo, na hakuna aliyeiulizia. Akili zilimrudia akiwa njiani kurudi nyumbani.

Alijisingizia mgongo ili asimguse mkewe. Wiki ilipokaribia kwisha alikwenda kupima, kwenye zahanati ya upande wa pili wa mji, asikojulikana. Muuguzi, mama wa makamo, alimtoboa kidole, wakasubiri.

"Hakuna kitu kilichoonekana," alisema.

Sponji alishusha pumzi, mabega yakaporomoka.

"Ngoja, kaka, sijamaliza. Umekuja mapema mno kwa kipimo hiki. Chenyewe hakitafuti virusi. Kinatafuta askari ambao mwili unawatengeneza kupambana navyo, na hao huchukua wiki kadhaa kujipanga. Tunakiita kipindi cha dirisha. Unaweza kuwa navyo, na kipimo kikakaa kimya. Ungenijia ndani ya siku tatu ningekupa dawa za kuzuia, lakini muda huo umepita. Rudi baada ya wiki sita, kisha miezi mitatu. Mpaka hapo, nyumbani ni kondomu, au ukae mbali na mama."

"Sawa, dada. Nimekuelewa."

Hadi anafika barabarani, kilichobaki kichwani ni "hakuna kitu". Kondomu alinunua, kweli. Akazitia ndani ya sanduku la vyombo, chini ya mikasi, zikakaa humo. Angezipeleka vipi kitandani? Mkewe angeuliza swali moja tu, na jibu lake lilikuwa moja tu.

Haukupita muda homa ikamshika. Koo likamuuma, tezi zikavimba shingoni, vipele vikamtoka kifuani. Alilaumu vumbi la sponji kuukuu. Mkewe alimkanda kwa kitambaa cha maji, akamkorogea uji, mtoto mgongoni. Homa ikaondoka yenyewe, kama ilivyokuja.

"Umenitisha, Baba Kibonge," mkewe alisema akicheka. "Nilijiona mjane, na huyu hana hata jino!"

Akamlalia kifuani. Sponji aliupima moyoni ule ukweli, akauona mzito, akauacha palepale. Hakumkataa mkewe siku hiyo, wala siku zilizofuata.

Kisha zamu ya homa ikawa ya mkewe. Alilala ubavu kitandani akimnyonyesha Kibonge, blauzi wazi, na Sponji akaviona vipele: ni vilevile, palepale alipovipata yeye. Akakaa sakafuni, akamweleza yote, hoteli, stoo, kipimo, mpaka maneno ya muuguzi aliyoyafukia. Alipomaliza, mkewe alimtoa Kibonge kwenye ziwa, akafunga blauzi.

"Simama. Twende."

Wakamkuta muuguzi yuleyule. Safari hii kipimo cha Sponji hakikukaa kimya. Cha mkewe hakikuonyesha kitu, lakini muuguzi hakudanganyika, wala mke mwenyewe hakudanganyika. Damu yake ikapelekwa maabara kutafutwa virusi vyenyewe, vikapatikana.

"Amenipaje haraka hivi?" mkewe aliuliza. "Si naye alikuwa kaupata juzijuzi tu?"

"Hapo ndipo panapoua watu, mama. Wiki zile za mwanzo, za homa, virusi hujaa kwenye damu kuliko wakati mwingine, kwa sababu mwili haujajua kupigana. Na mama akiambukizwa huku ananyonyesha, maziwa nayo yanakuwa hatari kwa mtoto."

"Na yeye ulimwambia haya?"

Muuguzi alitazama mikono yake. "Nilimwambia angoje, na atumie kinga."

Kibonge naye akatolewa damu. Jibu la kwanza likarudi safi. Sponji alipiga magoti hapohapo, akalia kwa furaha. Mkewe hakulia.

"Tumrudishe lini?" aliuliza.

Mtoto alipewa dawa ya kinga. Waliporudi naye siku waliyopangiwa, jibu la pili lilisema ameambukizwa. Muuguzi aliwaambia kwamba akinywa dawa bila kuruka atakua, atasoma, ataoa. Mkewe aliitikia kwa kichwa, kama anayesimuliwa habari za nyumba ya jirani.

Hakuondoka. Angeondoka aende wapi, na wote watatu wanachukua dawa dirisha moja? Alihamishia mkeka wake chumba cha mbele. Jioni moja, akimfumua mteja wa mwisho nywele, alimngoja aende, kisha akasema bila kugeuka:

"Ungeniambia. Ningekutukana, ningekuchukia, ningerudi kwa mama yangu. Lakini mwanangu angekuwa mzima."

Sponji aliinama, akaokota nywele zilizobaki barazani.

"Ilikuwa siku gani uliponipa?" mkewe aliuliza.

"Sijui, Mama Kibonge."

"Fikiria."

Tangu hapo humuuliza mara kwa mara, kwa sauti ileile ya chini, wakati wa kula, wakati wa kufua, na yeye hufikiria kweli, na hajui. Kibandani amekuwa fundi bubu. Wateja wanadhani kifua kinamsumbua. Asubuhi Kibonge huitema dawa, ni chungu. Mmoja hushika miguu, mwingine taya, mtoto akilia, mpaka aimeze.