Ushuhuda wa Susu Kuhusu Jino Langu

Likizo ya Agosti nilikuwa Kalama kwa susu, mama yake mama, nikimsaidia kupura mbaazi. Jino langu la juu, la pili kutoka katikati, liliniuma mpaka nikawa silali. Susu alijaza tundu la jino kwa tumbaku yake ya kunusa, akashika shavu langu, akaomba. Siku ya tatu maumivu yakaisha. Kabisa.

Jumapili akasimama kanisani. "Bwana asifiwe! Huyu msichana wangu alikuwa halali. Leo anatafuna isyo, mahindi na maharagwe, kama panya!"

Watu wakacheka, wakapiga makofi, wakanigeukia. Mimi ni yule huketi karibu na mlango ili nisisalimiane na wengi. Nilitabasamu midomo imefungwa.

Jumatano kikatokea kipele kwenye ufizi, juu ya jino lile. Nikikibonyeza, usaha unatoka. Hakikuuma. Ningesema nini? Kila jirani alikuwa akiuliza, "Na yule wa jino yuko?" Niseme susu amedanganya kanisa? Nikajifunza kucheka na mkono mdomoni. Muhula mzima shuleni nilikuwa hivyo, na jino likigeuka kijivu.

Desemba mama aliona uso umefura, akanipeleka hospitali mjini. Daktari wa meno alinionyesha picha ya eksirei. Kwenye ncha ya mzizi kulikuwa na kivuli cheusi.

"Hapa palikuwa na mfupa."

"Lakini liliacha kuuma."

"Liliacha kwa sababu neva ilikufa. Hukupona." Akasogeza kiti. "Bakteria wakifika kwenye mzizi, seli za kinga hutoa protini ndogo sana, zinaitwa saitokini. Kazi yazo ni kuita seli nyingine za kinga zije kusaidia. Sasa bakteria wasipoondoka, zinaita tu, miezi na miezi. Mwisho zinaamsha hata seli za kula mfupa."

"Kwa hivyo mfupa umeliwa na mwili wangu mwenyewe?"

"Ukijaribu kukukinga. Ungekuja mapema tungesafisha mzizi. Sasa jino linacheza."

Akaling'oa. Sindano haikunisumbua kama yale maneno. Ndani yangu kulikuwa kukipigwa nduru tangu Agosti, na mimi nilikuwa nimefunga mdomo.

Leo susu amekuja kuniona. Ameangalia pengo, akaangalia chini.

"Mbona hukuniambia, mwiitu wakwa, msichana wangu?"

"Ulikuwa umeshasema kanisani."

"Kwani jino lilikuwa la kanisa?" Amechezea kikopo chake cha tumbaku bila kukifungua. Kisha: "Yule mama wa karibu na kisima alimwekea mtoto wake tumbaku juzi. Alinisikia mimi. Kesho Jumapili nitasimama kanisani niseme nilikosea. Na wewe utasimama kando yangu, ufungue mdomo waone."

Nimemwambia siwezi. Amesema hata yeye hawezi, lakini tutaenda.

Nguo yangu ya kanisa nimeshaipiga pasi. Ulimi hauachi kurudi kwenye pengo.