Maji ya Kupoozea

Kisima cha nyumbani kwetu Soweto, Mbeya, kina maji meupe, ya baridi ya kuuma meno, na mama hujivunia kisima hicho kuliko anavyojivunia sisi wanawe. Marehemu baba alikichimba mwenyewe, mbali kabisa na choo chetu. Kilichotuponza ni ustaarabu wa majirani wa upande wa juu wa mteremko: mstaarabu hujenga choo nyuma ya nyumba, na nyuma ya nyumba zao ndipo kilipo kisima chetu. Tangu tungali wadogo tukajikuta tuna vyoo vitatu juu yetu, vyote vya heshima.

Mimi nafundisha sayansi Iringa. Huchora ubaoni choo, mshale na kisima, wanafunzi wakanakili. Likizo ya Juni mwaka jana nilimpeleka binti yangu wa miaka minne kwa bibi yake bila wasiwasi, maana mama huchemsha maji ya kunywa. Nilihakikisha kabla ya kuondoka. Yalitokota mbele ya macho yangu.

Wiki ya tatu nikaitwa. Mtoto ana homa na tumbo linamsokota. Zahanati wakapima, wakasema taifodi. Daktari akauliza kama tunachemsha maji.

"Tunachemsha," nikajibu, kwa sauti ile ya darasani.

Tukarudi nyumbani na dawa. Mtoto alikuwa amelegea begani kwangu, na niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mama akaipua sufuria, akamimina nusu kikombe, kisha akachota kwa kopo kwenye ndoo ya kisima na kujazia.

"Mama, unafanya nini?"

"Si napooza? Unataka mwanao aungue ulimi?"

Ndivyo tulivyokunywa miaka yote. Hata mimi kwangu Iringa hupooza hivyo hivyo, kwa kukosa subira. Ubaoni sijawahi kuchora kopo.

Nikamwaga maji yale, nikamwambia kisima kimeingiliwa na vyoo. Akanitazama kama niliyemtukana marehemu.

"Maji haya yamekuza watoto watano, na mmoja ni mwalimu."

Tulizaliwa saba. Wawili walikufa kwa kuharisha kabla hawajatimiza miaka miwili, na mtaa mzima ulisema ni kuota meno.

Mama naye alikuwa ameshaanza kuhesabu. Aliketi kwenye kigoda, kopo bado mkononi.

"Hata wale," akasema taratibu, "niliwapoozea mimi."