Shada Lililotangulia Busisi

Mwaka ule vipande vya karatasi za kung'aa vilinifuata kila nilikokwenda. Nilivikuta kwenye ukosi wa shati na katikati ya kurasa za kitabu changu cha sala. Asubuhi moja, nikiwa nawasha mishumaa altareni, kimoja chekundu kilinidondoka mkononi, na paroko akakisindikiza kwa macho hadi sakafuni.

Nilikuwa katekista mstaafu, mjane, mzee ambaye siku zake zilianza na misa na kuisha na rozari. Shule ya sekondari ya kata iliyo jirani na nyumbani kwangu, huku Kiseke, iliniomba nifundishe vipindi vya dini. Mwalimu wa darasa la kidato cha nne alipokwenda likizo ya uzazi, mkuu wa shule akaniomba niwalee wanafunzi wake katika shughuli zao za mwaka wa mwisho. Nilikubali nikidhani nitakuwa nasali nao kabla ya mitihani. Kumbe nilikuwa nimekubali kuingia kwenye biashara.

Pale shuleni kila darasa linalomaliza huacha zawadi. Waliotangulia waliacha saa ya ukutani, wengine miti ya kivuli kando ya uwanja. Hawa wa kwangu walitaka kuacha tangi la maji, kwa sababu bomba la shule hukauka mara kwa mara ingawa ziwa lenyewe unaliona kutoka madirishani. Wazazi walikuwa wamekwisha kuchangishwa vya kutosha, kwa hiyo tukapatana kwamba darasa lijitafutie. Walianza na maandazi wakati wa mapumziko, lakini maandazi mengi yaliliwa na wauzaji. Wakajaribu kuosha bodaboda, mvua ikanyesha kila Jumamosi, wenye bodaboda wakaoshewa na Mungu bure.

Ndipo binti mmoja wa bwenini akatoa wazo la kushona mashada. Kila aliyewahi kuhudhuria mahafali huku kwetu anayajua: mikufu minene ya karatasi za kung'aa na maua ya plastiki, anayovishwa mhitimu shingoni jina lake linapoitwa, ndugu zake wakija mbele kwa kucheza na vigelegele. Mtoto wa chekechea huvishwa, wa chuo kikuu huvishwa. Anayemaliza bila shada huonekana kama mtu asiye na kwao.

Binti huyo alijua kuyashona. Tulinunua karatasi, nyuzi na maua kule Mkuyuni, na kila Ijumaa baada ya kipindi cha dini tukaunganisha madawati na kuanza kazi. Wavulana waliona haya siku ya kwanza tu. Mmoja wao, mtoto wa wafugaji, alijichoma sindano hadi wenzake wakamwambia aende akashone mkanda wa ng'ombe. Yeye akawajibu kwamba ng'ombe hamalizi shule, na kwamba wao wangechunga hata siku moja tu wangelia. Mweka hazina wetu, msichana ambaye darasa zima lilimwita Mkono wa Birika, alikagua hata vipande vilivyoanguka chini na kuamuru virudishwe kwenye mfuko. Jumamosi walikwenda na mwalimu wa zamu kuuza kwenye malango ya shule zenye mahafali. Mashada yetu yalipendwa. Tangi la maji likaanza kuonekana kwa mbali.

Yule binti wa bwenini alikuwa mtoto wa Busisi, ng'ambo ya ziwa. Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga, na bibi yake, mzaa mama, akamlea kwa matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa juani, ambavyo aliviuza pamoja na karanga kwa abiria waliokuwa wakisubiri pantoni ya kuwavusha. Bibi huyo hakuwahi kukaa darasani. Alichotaka ni kumwona mjukuu wake akimaliza, na yeye mwenyewe amvishe shada mbele za watu.

Alikwisha kujaribu mara moja. Binti alipomaliza darasa la saba, huku mjini kwa ndugu, bibi alitoka Busisi alfajiri, lakini siku hiyo pantoni iliharibika na foleni ikalala. Alifika jioni, viti vikibebwa kurudishwa madarasani. Alisimama getini na shada lake la kununua mkononi, akimwuliza mlinzi kama watoto bado wataitwa. Binti alinisimulia hayo akiendelea kushona, bila kuinua uso. Akamalizia kwa kusema, "Safari hii nataka nimwone anakuja mbele, Babu. Basi. Hata wengine wasiponitunza kitu."

Katikati ya mwaka daraja jipya la kuvuka ziwa likafunguliwa. Tulifurahi sote, na ilikuwa haki kufurahi. Lakini pantoni iliposimama, wateja wa matobolwa nao waliisha, kwa kuwa hakuna tena aliyesubiri. Binti alinieleza kwamba bibi hakulalamika. Alisema tu kwamba wateja wake sasa wanapita juu, na kwamba kwa upande mwingine hakuna chombo kitakachomchelewesha tena. Alikuwa akihesabu mahafali kama watu wanavyohesabu sikukuu.

Kwa kuwa bibi asingeweza kununua shada, binti alilishona mwenyewe lile ambalo angekuja kuvishwa. Alilishona pembeni, baada ya kumaliza sehemu yake ya kazi ya darasa, kwa rangi za bluu na nyeupe, maua madogo madogo yakifuatana kama punje za rozari. Alipotaka kulipia karatasi, Mkono wa Birika alirudisha mkono wake nyuma na kusema mfuko umeshafungwa leo. Hatukuwahi kumwona akikataa malipo kabla ya hapo, wala baadaye.

Likizo fupi ya mwezi wa tisa ilipofika, alilipeleka Busisi ili bibi aje nalo siku yenyewe. Aliporudi alinikuta getini, akaniamkia shikamoo, na kabla sijamaliza kuitikia akaanza kucheka. Bibi alikuwa amelijaribu shingoni mwake mwenyewe, akajitazama kwenye kioo, akasema hata yeye anafaa kuhitimu. Kisha akalifunga ndani ya kitenge kipya alichoshonesha kwa ajili ya mahafali kabla pantoni haijasimama, akavificha vyote viwili chini ya godoro. Hakutaka majirani wavione kabla ya siku, wasije wakasema anajivuna. "Tunajua mimi na yeye tu," binti akaniambia, "na wewe sasa."

Mahafali yalikuwa yamebakiza siku chache mkuu wa shule aliponiita ofisini. Bibi alikuwa amelala mchana baada ya kula na hakuamka. Ndugu walikuwa wamepiga simu shuleni, na mkuu akaona ni mimi nifaaye kumwambia mtoto. Nimewapa watu habari za msiba mara nyingi katika utumishi wangu, na ninayo maneno ya kuanzia. Sikuyatumia hata moja. Aliniona nikivuka uwanja kuelekea bwenini, akaweka chini ndoo aliyokuwa amebeba, akaniuliza, "Ni bibi?" Nikamwambia ndiyo. Akaishika tena ndoo, akaipeleka mpaka mlangoni, akaiweka vizuri, halafu akakaa chini.

Darasa halikuhitaji kikao. Mkono wa Birika alikuja kwangu na mfuko wa tangi, akiwa na macho mekundu, akasema tukodi basi. Sikuona sababu ya kumwuliza kama wenzake wamekubali, maana walikuwa wamesimama nyuma yake. Mkuu wa shule akaruhusu, na kesho yake tukaondoka pamoja na binti, wanafunzi wakiwa katika sare zao.

Wengi wao walikuwa hawajawahi kupita juu ya daraja. Kwa muda mrefu walikuwa wakipanga safari ya darasa kwenda kulitazama, wakibishana nani atakaa dirishani. Siku ile tulipolivuka, nafasi za dirishani zilikuwa wazi kwa sababu kila mtu alitaka kukaa karibu na mwenzao. Yeye alitazama upande mmoja tu, kule chini, mahali pantoni ilipokuwa ikitia nanga.

Kule msibani alitupokea mama yake mkubwa, dada wa marehemu mama yake. Aliwakumbatia watoto mmoja mmoja. Kisha akanivuta pembeni, na katika huzuni yake kulikuwa na jambo lililomfariji, ambalo alitaka mtu wa kanisa alisikie.

"Mama alijiandaa, Katekista," akaniambia. "Tulipotandua kitanda tukakuta ameacha kila kitu tayari. Nguo yake mpya, na shada lake ndani yake. Hakutaka kutusumbua."

Wanawake waliokaa naye wakatikisa vichwa kukubali. Huku kwetu ni jambo la kawaida mzee kuweka akiba nguo atakayozikwa nayo, na hulificha jambo hilo ili asiwatie watoto wake hofu. Nao mashada ya karatasi wameyaona makaburini maisha yao yote. Wangejuaje? Walimwosha, wakamvika kitenge kile, wakamvisha shada lile, wakiamini wanatimiza wosia ambao hakuutamka.

Nilitaka nimfikie binti kwanza, lakini mstari wa kuaga ulikuwa umeanza, naye kama mjukuu aliyelelewa mle ndani aliwekwa mbele. Nikasogea nikasimama nyuma yake. Bibi alikuwa amelala katika kitenge cha kijani, na shada la bluu na nyeupe limepangwa vizuri kifuani, maua yote yakitazama juu. Mtu alikuwa amelinyoosha kwa mkono wa upendo.

Binti alisimama. Hakulia kwa sauti. Aliinua mkono, na nikadhani atalivuta, au atauliza ni nani aliyefanya hivi, na sijui ningefanya nini. Mama mkubwa alikuwa upande wa pili wa jeneza akimtazama kwa matumaini, kama mtu anayesubiri kuambiwa kwamba amefanya vema. Binti aligusa ua moja lililokuwa limelala kiubavu, akaligeuza likae sawa na mengine. Kisha akainua uso.

"Mmempendezesha, mama mkubwa," akasema.

Akapita. Nilipomfuata nje, alinishika mkono wa shati na kuniambia kwa sauti ya chini, "Babu, usiwaambie."

Katekista wa pale alinikaribisha nitoe sala ya mwisho kaburini. Nimesali juu ya makaburi mengi, lakini pale sala yangu ilikuwa fupi. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya bibi huyo, na nikamshukuru kwa ajili ya waliomwosha na kumvika. Nadhani watu waliona nimesahau sehemu iliyobaki.

Siku zilizofuata darasa lilitaka kumshonea shada jingine. Mkono wa Birika alikuja na karatasi za dhahabu zilizokuwa za bei kubwa. Binti akawashukuru, akakataa. Hawakuelewa, wakanijia mimi niseme naye, nami nikawaambia wamwache. Wenye subira hawapungukiwi sana kwa kutojua.

Tangi hatukulipata. Zawadi ya darasa ilikuwa ndoo mbili za plastiki zenye koki, moja kwa walimu, moja kwa wanafunzi, na monita alizikabidhi kwa hotuba ndefu kuliko ndoo zenyewe. Watu wakacheka, hata mkuu wa shule. Halafu wakaanza kuitwa majina.

Walikuja mbele mmoja mmoja, na ndugu zao wakawafunika kwa mashada mpaka masikioni, mengine yakiwa yale yale tuliyoyashona siku za Ijumaa. Lilipoitwa jina lake, alitoka kwenye mstari na shingo tupu. Kisha kutoka nyuma akaja mama yake mkubwa, ambaye alikuwa amevuka daraja asubuhi ile bila kumwambia mtu. Alikuja akicheza peke yake, mikono mitupu, mpaka akamfikia.

Nilikuwa nimekaa karibu, nikasikia.

"Mbona hawajakuvisha, mwanangu? La kwako liko wapi?"

"La kwangu liko Busisi, mama mkubwa."

"Ulilisahau?"

"Hapana. Sikulisahau."

Mama mkubwa alifungua kanga yake kiunoni, akamfunika nayo mabegani, akapiga kigelegele, na darasa lote likamwitikia. Binti alimshika mkono na kumshukuru. Lakini macho yake yalikuwa getini, na yalikaa huko mpaka lilipoitwa jina la mwingine.